Kura za Wasio na Jana

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Na somo yangu, hajambo?"

Mihambo Kasanda aliegemeza paji la uso ukutani. Ukuta wa Nyumba ya Sauti ulikuwa wa baridi siku zote, hata jua la Oktoba lilipokuwa likipasua ardhi ya Ngulumwa nje. Mbele ya mdomo wake palikuwa na dirisha la mama yake, kitobo cha shaba kisichozidi upana wa kisosi. Ndani ya kitobo hicho Bi Nyamizi alikuwa akisubiri jibu.

"Hajambo, mama. Anakuamkia."

"Marahaba yake. Mwambie asicheze juani, ana kichwa chepesi kama mimi."

"Nitamwambia."

Angemwambia nani? Nyamizi mdogo, aliyepewa jina la bibi yake na ndiyo maana bibi akamwita somo, alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa. Bibi alifariki akamwacha ananyonya. Mtoto akafika miaka mitano, akanywa maji ya bomba, tumbo likavimba, akaenda. Na kila Jumamosi kwa miaka miwili Mihambo alisimama hapa akamletea mama yake salamu za mtoto aliyeoza.

Hakuwa peke yake. Kulia kwake mwanamke mmoja alikuwa akimwambia marehemu mumewe kwamba ng'ombe wamenenepa, na hakukuwa na ng'ombe. Kushoto, mzee alimhakikishia kaka yake kuwa shamba limestawi. Ndivyo watu wa Ngulumwa walivyolelewa. Ukiulizwa habari, ni nzuri, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Na marehemu ni mgeni wa heshima kuliko wageni wote. Humpelekei uchungu mahali asipoweza hata kunywa maji akatulia.

"Mama," Mihambo alisema, "Jumapili ijayo ni uchaguzi mdogo. Kiti cha Mheshimiwa Igunda kiko wazi."

"Najua. Igunda mwenyewe si yuko huku? Tangu walete sauti yake hatulali kwa hotuba." Bi Nyamizi alicheka, kicheko kilekile cha kifuani. "Anasema tumpe huyo Lusangija, aliyerithi alama yake ya taa."

"Mimi pia nagombea, mama. Alama yangu ni ndoo."

"Nimesikia. Lakini kura si uji, kwamba kila mwenye mwana amwekee wake bakuli. Wewe mwenyewe kila wiki unakuja hapa unaniambia mambo ni mazuri. Maji yapo, mtoto hajambo, mvua imenyesha. Sasa unataka kubadilisha nini?"

Mihambo, ambaye jukwaani hakuna aliyewahi kumkosesha neno, aliinua paji la uso kutoka ukutani.

"Haya, nenda kapumzike," mama yake alisema. "Ukishindwa usilie hadharani."

* * *

Mtunza madirisha alimngoja mlangoni na kitambaa chake cha kufutia shaba. Aliitwa Chilongani, Mgogo wa miaka sitini, mtu pekee katika nyumba ile aliyeruhusiwa kusema chochote, kwa kuwa kwa watu wa Ngulumwa yeye alikuwa mtani.

"Umemdanganya tena, mpagazi," alisema. "Babu zako walibeba meno ya tembo mpaka pwani. Wewe unabeba uongo hatua kumi tu, unatoka jasho."

"Na wewe unayefuta midomo ya wafu, Mgogo, umewahi kuwaambia kweli?"

"Mimi si ndugu yao. Ndugu akiwepo, mtani hutangulia wapi?"

Mihambo alikaa kizingitini. Kutoka hapo aliona mabomba mawili manene yakiingia chini ya nyumba. Moja lilileta maji ya baridi. La pili lilitoa maji ya uvuguvugu, yenye ladha ya msumari na dawa ya kuzuia kutu, na hayo ndiyo waliyofunguliwa watu mjini.

Miaka arobaini nyuma Bunge lilipitisha Sheria ya Kura ya Urithi, na walioipitisha walipigiwa makofi. Kwa nini busara ya mtu ifukiwe pamoja naye? Kila mtu mzima akawekwa uzi mwembamba nyuma ya sikio, wa kunasa maneno yake, hasira zake, na namna yake ya kuchagua hiki akaacha kile. Akifa, uzi unaletwa Nyumba ya Sauti, unaunganishwa na mitambo, naye anaendelea kuongea, kusikia, kushauriana na wenzake na kupiga kura kwa miaka thelathini. Sauti na kura ni kitu kimoja. Huwezi kuifuta kura ukabaki na sauti. Nani angemnyamazisha mama yake?

Hakuna aliyekaa akajumlisha. Ngulumwa sasa ilikuwa na wapigakura hai elfu nne na mia mbili. Wa urithi walikuwa elfu kumi na moja. Mheshimiwa Igunda alipofariki na sauti yake kuwekwa dirisha la mbele, watu walichekeshwa na jambo la mbunge kumpigia kura atakayekalia kiti chake. Kisha kicheko kikawakauka.

Maana mitambo ina joto, na joto linataka maji. Visima viwili vilikwisha kumezwa. Kilibaki cha Ipuli, na sheria ilisema hakiguswi bila saini ya mbunge. Igunda alivuta miguu mpaka akafa. Lusangija alikuwa ameahidi mbele ya kamera kwamba atatia saini siku atakayoapishwa. Bango lake lilikuwa na maneno mawili tu: NZURI IENDELEE.

"Nikiwaambia kweli," Mihambo alisema polepole, "nikapata elfu tatu na nusu tu kati yao, kisima kimepona."

Chilongani aliacha kufuta. "Wataumia."

"Sisi hatuumii?"

"Wewe ulilia mwaka juzi. Leo unakula, unaimba, unagombea ubunge. Humu hakuna mwaka juzi, mwanangu. Mimi naongea nao kila siku. Wanakumbuka yote, lakini lolote waliloambiwa, kwao limetokea leo asubuhi. Ndiyo maana mama yako anakupokea kwa furaha ileile kila wiki. Hawana jana hawa."

Mihambo alilisikia neno hilo kama mtu anavyosikia jina la kijiji asichotarajia kupita. Akasimama, akakung'uta suruali.

* * *

"Hapana," alisema Kalunde.

Alikuwa akichuja maji kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Maji yaliingia ya rangi ya chai na kutoka ya rangi ya chai.

"Mke wangu, nisikilize..."

"Nimekusikiliza jukwaani, inatosha. Mwanangu alikufa mara moja, Mihambo. Unataka afe mara ngapi? Kuna mahali pamoja tu duniani ambapo Nyamizi bado anacheza juani, ni pale kwa bibi yake. Na hapo unataka kwenda na jembe?"

"Na watoto wa wenzetu? Ipuli ikichukuliwa, mwakani tutazika wangapi?"

Kalunde aliinamia maji. Kanga ilidondosha matone.

"Na hata ukiwaambia," alisema baadaye, kwa sauti ya chini, "mama ni mfiwa. Mfiwa haitiki wito, na asiyeitika huhesabiwa kura yake ya zamani. Mimi nilipofiwa, si karani wa sensa aliniita jina mlangoni nikakaa kimya? Mtani ndiye aliyenijibia."

"Siku saba!" Mihambo alimwonyesha vidole kana kwamba yuko mkutanoni. "Mfiwa haitiki siku saba. Leo Jumamosi. Nikiwaambia leo jioni kabla jua halijazama, tanga linaondolewa Jumamosi ijayo, na Jumapili wanapiga kura wakiwa na hasira mbichi. Nimehesabu, Kalunde. Nimehesabu kila kitu."

Mkewe aliiweka kanga chini. Kisha akaufunga mtandio kiunoni.

"Kama ni lazima asikie, atasikia kutoka kwa aliyemzaa mtoto," alisema. "Wewe utaharibu. Utamwimbia."

* * *

Habari ilipita nyumba kwa nyumba, na walikwenda watu mia tatu na zaidi. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, vivuli virefu, na kila mmoja alisimama mbele ya dirisha lake kama watu waliopangwa kupigwa. Hakuna aliyeanza. Wote walimtazama Mihambo.

Naye, kama mkewe alivyotabiri, akaimba. Bi Nyamizi alikuwa manju katika uhai wake, mwanzishaji wa nyimbo ambaye sauti yake ikipanda wanawake wa kata nzima huitikia, na hata sasa humo ndani wengine walimfuata yeye. Mihambo alitaka kumfikia kwa mlango anaoujua.

Kisima kilicho chetu, kwa nini tukinyang'anywe,
Tuna kiu roho zetu, na mitambo ndiyo inywe,
Amkeni wafu wetu, semeni tusikilizwe,
Kura yenu ni ya kwetu, kaburini isizikwe.

Mihambo aliegemeza sikio kwenye shaba.

"Vina vimekaa," alisema Bi Nyamizi. "Lakini mwimbaji ana njaa. Nani ana kiu, Mihambo? Si uliniambia maji yapo?"

Kalunde alimsogeza mumewe kwa bega, akaweka mdomo karibu na shaba.

"Mama, ni mimi Kalunde."

"Mkwe wangu! Leo umekuja! Somo yangu yuko wapi, umemleta?"

"Mama, kaa chini."

Lilikuwa neno la kijinga kumwambia sauti, lakini hakuna aliyecheka. Katika Ngulumwa mtu huambiwa hivyo kwa sababu moja tu.

"Nimekaa," alisema Bi Nyamizi.

"Somo yako hayupo. Alitutoka mwaka juzi. Maji yalimuua. Tulikuficha, mama. Tusamehe."

Kandokando ya ukuta watu walianza na wao, mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja, kama mvua inavyoshika bati. Hakuna ng'ombe, mume wangu. Shamba limekauka, kaka. Mama, Shija alikufa. Baba, nyumba tuliiuza tukahama, nilikudanganya. Mzee wa kushoto alipiga magoti hata mdomo wake ukawa haufikii dirisha, akawa anaungama kwa ukuta.

Mihambo alisubiri hasira. Alikuwa ameiandalia maneno.

Kilichotoka kwanza ni pumzi, kama nyumba nzima imevuta hewa. Kisha Bi Nyamizi alipandisha. Haukuwa wimbo aliowahi kuusikia. Ilikuwa sauti moja nyembamba isiyo na maneno, na nyuma yake wakaitikia elfu kumi na moja, walioambiwa na waliosikia kwa jirani. Shaba zilitetemeka ukutani. Watu walirudi nyuma wakiziba masikio, wengine wakakimbia. Kalunde alibaki, viganja vyote viwili juu ya kitobo, kana kwamba angeweza kukishika kilio kisimwagike.

"Siku saba," Mihambo alisema, ingawa hakuna aliyekuwa akimsikiliza. "Siku saba tu."

* * *

Juma lile kilio kilisikika mpaka sokoni. Lusangija alisimamisha kampeni siku mbili kwa heshima, kisha akaendelea kwingine. Wapinzani wa Mihambo walimwita mchawi. Walio wake walimpelekea maji yaliyochujwa, wakimwambia, "Jikaze, Mihambo. Siku ya tano leo. Siku ya sita." Alizipiga mstari kwa mkaa kwenye mlango wa jiko.

Jumapili walio hai walipiga kura asubuhi. Kufikia saa nne ilijulikana: ndoo ilikuwa imezoa karibu zote, kura elfu nne na ushei. Hata waliomwita mchawi waliipigia ndoo, kwa maana mchawi huyu angalau alikuwa na kiu kama wao.

Saa tano msimamizi wa uchaguzi, mwanamke mdogo mwenye miwani aliyetumwa kutoka mkoani, aliingia Nyumba ya Sauti na daftari. Mihambo na Lusangija waliketi kwenye benchi moja. Kilio kilikuwa kimezimwa kwa swichi ili taratibu zifanyike. Kila dirisha lingefunguliwa kwa zamu.

"Igunda Mahona!" msimamizi aliita.

Kimya. Ndani ya kitobo, kwa mbali, mtu alikuwa akilia kama mtoto. Mheshimiwa naye alikuwa na wajukuu.

"Igunda Mahona, mara ya pili. Igunda Mahona, mara ya tatu." Aliandika. "Hakujibu. Kwa kifungu cha tisa, asiyejibu amerudia kura yake ya mwisho. Taa."

Lusangija hakutabasamu. Alionekana kama mtu aliyeshikishwa kitu kizito bila kuuliza.

Aliita wa pili. Wa tatu. Wa kumi. Taa. Taa. Taa. Mihambo aligeuka nyuma.

"Leo ni siku ya nane," alimnong'oneza Chilongani aliyesimama nyuma yake. "Tanga limeondolewa jana. Kwa nini hawaitiki?"

"La kwako limeondolewa," alisema Chilongani. Safari hii hakukuwa na utani mdomoni mwake. "Nilikwambia, mwanangu, ukawa unakung'uta suruali. Jambo waliloambiwa humu, limetokea leo asubuhi. Juzi ilikuwa siku ya kwanza. Jana ilikuwa siku ya kwanza. Kwao hakuna siku ya pili."

Watu wa Ngulumwa walijua kuhesabu tanga tangu utotoni, na kwa sababu waliijua hesabu hiyo kama pumzi, hakuna hata mmoja kati ya mia tatu aliyekumbuka kuuliza kama mfiwa huyu ana jua linalochomoza.

"Nyamizi Kasanda!"

Mihambo alisimama. "Mama! Mama, ni mimi! Itika!"

"Mgombea, kaa. Nyamizi Kasanda, mara ya pili."

Hapo Chilongani alipita katikati ya madawati, kitambaa chake begani, akasimama mbele ya dirisha na kuvua kofia.

"Mfiwa haitiki," alisema kwa sauti ya watu wa zamani. "Mimi ni mtani wao. Nimewafutia midomo miaka kumi na tisa. Mtani humjibia mfiwa, ndiyo desturi, na mimi nawajibia wote. Wanasema ndoo."

Nje, kwenye madirisha ya kawaida, watu walishangilia. Msimamizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa mzaliwa wa upande huu. Kila mtu aliona kwamba anaijua desturi.

"Mzee wangu," alisema, "nionyeshe kifungu chenye neno mtani, niiandike ndoo kwa mkono huu."

Chilongani hakuwa na kifungu.

"Nyamizi Kasanda, mara ya tatu." Kalamu ilisubiri kidogo kuliko ilivyosubiri kwa wengine. "Amerudia. Taa."

Waliita majina kwa kupokezana, usiku kucha, mpaka magharibi ya Jumatatu, na hakuna aliyeitika.

* * *

Lusangija aliapishwa Jumanne na akatia saini siku hiyohiyo, kwa maana alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Jumamosi mafundi walikuwa wakichomelea bomba la tatu, na cheche zilirukia ukuta wa Nyumba ya Sauti.

Mihambo na Kalunde waliwapita bila kusalimu. Mjini nusu ya nyumba zilikuwa na mizigo milangoni.

"Kuna fomu," Chilongani aliwaambia, bila kuwatazama usoni. "Ndugu akitia dole gumba, uzi unakatwa. Hawasikii chochote tena. Juma hili wametia watu wanne."

"Amebakiza miaka mingapi?" aliuliza Kalunde.

"Ishirini na minne."

Alizungumza kama anayemtajia mgeni umbali wa mji. Ishirini na minne, na kila siku yake asubuhi ileile, na habari ileile, mbichi. Kalunde aliitazama fomu, kisha akamtazama mumewe. "Ulimuua mwanangu mara ya pili," alisema. "Kwa huyu siwezi kukusaidia." Akatoka nje.

Mihambo alikwenda dirishani na karatasi mkononi. Alikuwa amekuja na maneno. Alitaka kuomba radhi, alitaka kumwambia habari za kisima, alitaka amuulize yeye mwenyewe kama akate. Chilongani aliwasha swichi na kilio kikajaa chumba, elfu kumi na moja kasoro wanne, wakiitikia sauti moja nyembamba.

"Shikamoo, mama."

Sauti nyembamba ilikatika. Wale wengine waliendelea bila kiongozi.

"Marahaba, mwanangu."

Kidole gumba chake kilikuwa tayari na wino. Ilimpasa aulize kitu, na lililomjia ni lile ambalo ulimi wake ulilelewa nalo.

"Habari za humo, mama?"

Alimsikia akivuta kamasi. Alimsikia akijikusanya, kama mwanamke anayejifunga kanga upya mgeni anapobisha hodi.

"Nzuri," alisema Bi Nyamizi. "Nzuri tu, mwanangu. Hatujambo wote."